Mgongo Namba Kumi na Saba

Mimi nikipiga kelele kwamba nyumba inaungua, watu wa kwetu Kanazi huuliza kwanza leo nimekunywa nini. Nimejitakia. Mwaka juzi nilimpigia simu Shangazi Christina nikamwambia ng'ombe wake ameingia kanisani na katekista anamfundisha Baba Yetu. Shangazi alitoka shambani mbio, jembe begani, matope mpaka magotini. Ng'ombe alikuwa zizini, anacheua. Tangu siku hiyo nikisema jambo lolote, watu wanasubiri kwanza waone kama nitacheka.

Kwa Bibi Auleria ndiyo usiseme. Bibi ndiye aliyemzaa baba yangu, ana miaka sabini na mbili, na kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mimi ananiita mume wangu. Mimi namwita mke wangu, mke mzee, mke asiye na meno ya mbele. Akinipikia uji mwepesi namtishia kwamba nitaoa mwingine. Nikichelewa kurudi ananiambia amepata mwanamume wa Nyamiaga mwenye baiskeli. Tangu nipate akili sijawahi kumwamkia shikamoo. Shikamoo ni ya wazee wengine. Kati yangu na yeye ingekuwa kama mtu kumpigia mkewe hodi jikoni.

Naeleza haya ili ujue, siku niliyohitaji kuaminiwa, nilianzia wapi.

Dada yangu Suzan aliolewa Bugarama mwezi wa sita. Katika ukoo wetu harusi haijaisha mpaka wanawake wa upande wa binti wapeleke vikapu kwa wakwe. Kikapu chenyewe tunakiita igiseke, kirefu, kina kifuniko chenye ncha, ndani kuna unga wa mtama na maharage na kibuyu cha pombe. Igiseke cha kwanza hubebwa na mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo. Kama vingine vyote, hubebwa kichwani na hakigusi ardhi mpaka mama mkwe akipokee kwa mikono yake. Kikigusa njiani, watu wa kule watasema huyu binti kwao walichoka kumbeba, na Suzan atayasikia maneno hayo kisimani mpaka azeeke.

Mwanamke mkubwa kuliko wote ni Bibi. Na Bibi mwaka jana aliteleza kwenye maganda ya ndizi uani, akajishikiza kwa mkono, mkono ukavunjika. Tena amepungua. Gauni lake la Pasaka, lililokuwa linaishia kwenye vifundo, sasa linafagia.

"Mama, ule mkono ulivunjika kwa kuteleza tu," Shangazi alisema jioni moja tukichambua maharage. "Kuteleza! Hukugongwa na lori. Kikapu nitabeba mimi."

"Wewe ulibebwa na mgongo huu huu," Bibi akajibu. "Ukiwa mzito kama gunia, na makelele juu."

"Miaka hamsini iliyopita, Mama!"

"Basi mgongo una uzoefu."

Shangazi akatupa ungo. Bibi akanigeukia. "Mume wangu, wewe unasemaje? Au umeshaanza kumwogopa binti yako?"

Nikasema, kwa sauti ya hakimu, "Mashine iamue."

Mashine ilikuwapo kweli. Mwaka huu mradi wa utafiti ulifika katika kituo kimoja cha afya upande wa Nyamiaga, ukiwa na kitanda kirefu chenye mkono wa chuma unaopita juu ya mtu polepole bila kumgusa, unapiga picha ya mifupa. Kompyuta inachora mifupa ya kiuno, kisha inatoa namba. Namba ikiwa karibu na sifuri, rangi ni ya kijani. Ikishuka chini ya hasi mbili na nusu, rangi ni nyekundu, maana yake mifupa imekuwa kama bua lililoliwa na mchwa: nje zima, ndani matundu. Kina mama wengi wa rika la Bibi hawajui Kiswahili cha ofisini, kwa hiyo mradi ulitafuta mkalimani wa Kihangaza. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mdomo. Nikachukuliwa.

Mimi niliwatangazia watu kwamba ni ramli ya umeme. Dada Jovitha, mtaalamu wa picha, Mzinza wa Biharamulo asiyecheka ovyo, akaniita pembeni.

"Siyo ramli. Haisemi wewe utavunjika Jumanne. Inasema hivi: chukua kina mama kumi wenye mifupa kama hii, wangapi kati yao watavunjika. Ukijua uko kundi lipi, unajilinda. Tafsiri hivyo."

Nikatafsiri hivyo. Siku mbili.

Basi Bibi na Shangazi wakakubaliana mbele yangu: rangi ya kijani, Bibi anabeba, rangi nyingine yoyote, anabeba Shangazi na Bibi anatembea na fimbo kama mgeni rasmi. Kazi ya mashine ilikuwa ndogo. Ilibaki yangu.

Jumanne kina mama thelathini na wanane walikaa kwenye mabenchi ya kituo. Kifaa cha kushikia miguu kwa ajili ya picha ya nyonga kilikuwa kimevunjika njiani, kwa hiyo wiki hiyo walipimwa mgongo tu. Kabla ya kuingia kila mmoja nilitakiwa kumwambia maneno yale yale: vua kila kitu cha chuma, hereni, pini, funguo, shilingi iliyofungwa kwenye kitenge. Chuma kikikaa juu ya mfupa, mashine inakihesabu kuwa ni mfupa, na mfupa mbovu unaonekana mzima. Wa kwanza mpaka wa kumi niliwaambia yote, neno kwa neno. Kuanzia wa kumi na moja nikaanza kuongeza chumvi. Benchi lilikuwa linacheka, na mimi benchi likicheka siwezi kujizuia. Nilimwambia mmoja kama ana mume mwenye moyo wa chuma amwache mlangoni. Wa kumi na saba alikuwa Bibi Auleria.

Bibi anavaa mkanda wa kitambaa ndani ya gauni, juu ya kiuno. Umeshonewa medali ya Bikira Maria, ya zamani, nzito, kubwa kama kizibo cha chupa, na pembeni umefungwa ufunguo wa sanduku lake. Hajauvua tangu tulipomzika Babu Privatus. Anaoga nao. Alinivuta shati, akaniuliza kwa Kihangaza, chini chini:

"Na huyu Mama naye avuliwe?"

Ilikuwa ni kusema ndiyo. Neno moja. Nikaliangalia benchi, benchi likaniangalia.

"Mama Maria hana ugonjwa, mke wangu," nikasema kwa sauti ya kufika nyuma. "Mwache naye apimwe, bure hii."

Wakacheka mpaka muuguzi akachungulia. Bibi naye akacheka, akaziba mapengo kwa kiganja, akaingia na mkanda wake.

Ndani umeme ulikuwa umekatika mara mbili asubuhi hiyo. Dada Jovitha alikuwa nje na fundi wa jenereta. Aliyekuwa anabonyeza ni kijana wa mafunzo kwa vitendo, na jasho lilikuwa linamtoka kwa foleni. Hakuangalia picha, aliangalia namba. Hasi sifuri nukta sita. Kijani.

Bibi aliibandika karatasi ile ukutani, kando ya kalenda ya parokia. Shangazi aliisoma mara mbili, akaenda kuteremsha igiseke darini.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa kituoni napanga mafaili. Kina mama wa kwetu walikuwa wameshaondoka na pikapu kwenda Bugarama. Dada Jovitha alikuwa anapitia picha zote moja moja kabla hazijatumwa Mwanza.

"Mkalimani, njoo. Namba kumi na saba ni nani?"

Nikainama kwenye kioo. Mifupa ya kiuno ilikuwa imepangana kama viberiti vilivyobebanishwa, kijivujivu, kama moshi. Juu ya mfupa wa tatu kulikuwa na yai jeupe, jeupe kabisa, lenye kipete kwa juu. Kwenye wa nne, ufunguo. Meno yake yalionekana moja moja.

Nikacheka. Ni tabia. Kisha nikautambua ufunguo.

"Ni bibi yangu," nikasema.

Dada Jovitha alisogeza kipanya, akaondoa kwenye hesabu mfupa wa tatu na wa nne, akaacha miwili ya juu isiyo na kitu. Kompyuta ikafikiri kidogo. Hasi tatu nukta moja. Upande wote wa kulia wa kioo ukawa mwekundu.

"Na huu wa kwanza unauona? Mfupi kuliko mwenzake. Haujakaa vizuri." Aliugusa kwa kalamu. "Arudi hapa, tena mapema. Apimwe upya, apigwe pia eksirei ya ubavuni. Na asibebe kitu. Wiki hii anafanya kazi gani?"

"Leo anabeba."

"Nini?"

"Kikapu. Kichwani. Kilo ishirini na kitu. Na kule ni mlima."

Aliweka kalamu mezani. "Mfupa wa namna hii hauhitaji kuanguka. Unahitaji mzigo na kuinama mara moja. Sikiliza: mzigo uondolewe na watu wawili, kwa usawa, yeye amesimama wima. Asiinuke nao, asijipinde, asiuteremshe mwenyewe. Kuuteremsha ndiko ninakokuogopa. Piga simu sasa hivi."

Nikampigia Shangazi. Ikaita mpaka karibu kukatika. Alipopokea, nyuma yake kulikuwa na vigelegele.

"Shangazi, yuko wapi Bibi? Kikapu ameshakitwika?"

"Tumeteremka kwenye gari sasa hivi, tunavuka kijito. Unataka nini?"

"Asikibebe! Picha ilikosewa. Ana medali kwenye mgongo!"

"Ana nini?"

"Medali! Ya Bikira Maria! Mashine imehesabu Bikira Maria kuwa ni mfupa!"

Hata mimi nilijisikia. Niliyasikia maneno yale yanavyosikika upande wa pili, kwenye sikio la mwanamke aliyewahi kukimbia na jembe.

"Danstan," Shangazi akasema taratibu, "leo siyo siku yako. Leo ni siku ya dada yako." Akakata. Nikapiga tena. Alikuwa amezima.

Gidioni wa bodaboda alikuwa amelala juu ya pikipiki yake nje ya geti. Nilimwambia Bugarama, haraka, ni mambo ya uhai. Akafungua jicho moja.

"Unawahi nyama wewe."

"Gidioni, twende!"

"Nyama ya wakwe haiishi haraka hivyo," akasema, lakini akapiga kiki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, barabara ilikuwa nyekundu na laini kama sabuni iliyolowa. Tulianguka mara moja kwenye kona, hatukuumia. Nilisimama, nikajipapasa mgongo, nikakuta uko pale pale, mzima, nikauonea aibu. Mtu wa miaka ishirini na mbili anaanguka na pikipiki anainuka anajipangusa. Bibi aliteleza uani, mkono ukaondoka.

Njia nzima nilikuwa naona yai lile jeupe. Kisha naona ule mfupa wa kwanza, mfupi.

Kwenye kijito pikapu ilikuwa imesimama tupu, dereva anasafisha miguu. Akanionyesha juu kwa kidole. Nyumba ya wakwe iko kilimani, na njia inapanda kati ya migomba na mibuni, mahali pengine imechongwa ngazi kwa jembe. Niliwaona. Wanawake kumi na wawili, mstari mmoja, vikapu kumi na viwili, wanaimba. Walikuwa wamepanda zaidi ya nusu. Wa mbele alikuwa mdogo kuliko wote, gauni linafagia, shingo imenyooka kama nguzo.

Nilipita kwenye maharage ya watu, sikuangalia ya nani. Nikatokea mbele yake kwenye ngazi ile mbaya kuliko zote, ambapo maji yalikuwa bado yanatiririka, nikasimama katikati ya njia, nahema.

"Bibi, simama!"

"Mume wangu amekuja kunipokea!" Bibi akasema, na vigelegele vikapasuka nyuma mpaka mwisho wa mstari.

"Simama hapo hapo, usinyanyue mguu. Mashine ilikosea. Mgongo wako siyo wa kijani. Ni mwekundu."

"Na shati lako nalo limekuwa jekundu. Umeoga kwenye barabara?"

Wakacheka. Akanyanyua mguu, akautafutia ngazi kwa vidole, akaupata, akapanda. Kikapu kikayumba kidogo kikatulia. Alisimama karibu yangu kiasi kwamba nilisikia ngata ya majani ya mgomba ikilia chini ya uzito.

"Danstan, toka njiani," Shangazi akaita kutoka nyuma, naye ana kikapu chake.

"Shangazi, ile karatasi ya ukutani siyo ya kweli! Ile medali ya mkandani, mashine..."

"Bikira Maria amefanya nini tena? Ameingia zizini?"

Hapo walicheka mpaka mmoja akashika mti. Na Bibi akacheka. Anapocheka Bibi anacheka na mabega, na mabega yakitikisika shingo inatikisika, na nikaona igiseke kikiegemea kushoto, na mkono wake, ule uliovunjika, ukipanda juu kukizuia, na kiuno chake kikijipinda kuufuata. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa bado amesimama.

"Naapa," nikasema.

"Uliapa pia siku ya ng'ombe," Shangazi akasema.

Kweli. Niliapa. Nilishaapa kwa Mungu, kwa kaburi la Babu, kwa cheti changu cha kidato cha nne. Nilishalia machozi ya uongo kwenye simu nikiomba kuku. Kila neno nililoligusa nilikuta nimeshalitumia. Bibi alikuwa anatabasamu, anatafuta kwa vidole vya mguu ngazi inayofuata, na ngazi inayofuata ilikuwa ya kuinama.

Nikapiga magoti kwenye matope, mbele ya miguu yake. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi."

Wimbo ulikatika. Nyuma kabisa mmoja, ambaye hakuona, aliendelea kuimba peke yake nusu mstari, naye akanyamaza. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye migomba.

"Umesema nini?"

"Nimesema shikamoo, Bibi."

Hakuweza kuinamisha kichwa kwa sababu ya kikapu. Macho tu ndiyo yalishuka, yakanitafuta usoni, yakanitafuta tena. Tabasamu lilimtoka polepole, kama mtu anayefunga dirisha.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo ya kumjibu mgeni. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nakuomba usimame hivyo hivyo ulivyo. Usiiname, usigeuke. Niliambiwa nikwambie uvue mkanda, nikafanya mzaha. Mashine iliona medali na ufunguo, ikadhani ni mifupa yako. Mifupa yako yenyewe imeliwa, Bibi. Kuteremsha mzigo tu kunaweza kukuvunja mgongo."

Nyuma, Shangazi akasogea ngazi moja juu.

"Mama," akasema, sauti imebadilika, "ngoja tukutue."

"Hakigusi chini," Bibi akasema.

"Mama..."

"Christina. Suzan ataishi hapa. Mimi sitaishi hapa. Hakigusi chini."

Tukatazamana. Njia ilikuwa nyembamba, kulia mteremko, kushoto mibuni. Wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na kikapu chake kichwani, na hakuna ambacho kingeruhusiwa kuwekwa chini. Kichwa kitupu kilikuwa kimoja tu kwenye mlima ule. Mwanamume kubeba igiseke sijawahi kuona, wala baba yangu hajawahi kuona.

"Nipeni," nikasema. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutamani wacheke.

Shangazi alikuja upande wa kushoto, mkono mmoja ameshika kikapu chake mwenyewe. Aliyekuwa nyuma yake, Mama Consolatha, akaja kulia. Mimi nilibaki mbele yake, nimewapa mgongo na nimekunja magoti ili vichwa vyetu vilingane. "Wima, Bibi," nikamwambia. "Tazama lile paa la bati kule juu. Usitazame hapa." Wakahesabu. Moja. Mbili. Kwenye tatu kikapu kikaachana na ngata, na uzito ulipomwondoka, Bibi akatoa sauti.

"Ah."

Fupi, kama ya mtu aliyechomwa na mwiba mdogo. Kisha uzito wote ukanishukia mimi, na sikuweza kugeuza shingo kumwona.

"Bibi? Umeumia?"

"Tembea," akasema nyuma yangu. "Pombe itamwagika."

Nilitembea. Nilisikia fimbo yake, tuliyomkatia kwenye mbuni, ikigonga ngazi: tok, hatua, tok, hatua. Sikusikiliza kitu kingine mpaka uani kwa wakwe. Wanaume wa pale waliinuka kwenye viti vyao kuniangalia. Mama mkwe, Melania, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya, alitoka mlangoni akakunja mikono.

"Karibuni sana. Tuliambiwa atatangulia mwanamke mkubwa wa ukoo. Naona ana ndevu."

Nikangoja Shangazi aseme. Nikangoja mtu yeyote. Nilijua kwamba sasa hivi, kwa jibu hili, Suzan anapata jina la kudumu.

Bibi alipita mbele yangu polepole, na fimbo.

"Huyo ni mume wangu," akamwambia Melania. "Kwetu mke akizeeka, mume anambebea. Ninyi huku wanaume wenu wanabeba nini?"

Halafu Melania akacheka kwanza, akafuatiwa na mama mmoja kwenye mkeka, kisha uani pote, na wanaume wakaangalia glasi zao. Mikono ya Melania ikapanda, ikakipokea igiseke kutoka kichwani kwangu. Hakikugusa chini. Nyuma ya pazia nilisikia Suzan akicheka na kulia kwa pamoja.

Bibi hakukaa kwenye mkeka na wenzake. Aliomba kiti cha kuegemea.

Jumatatu nilimpeleka kituoni, kwenye kiti cha mbele cha pikapu, Shangazi amemwekea mito miwili. Nilimweleza Dada Jovitha yote, na benchi na kicheko. Nilitegemea anifukuze. Alinisikiliza, akasema, "Picha nayo ilitakiwa kuangaliwa siku ile ile. Hilo ni letu. La kwako ni kwamba kuanzia leo unatafsiri neno kwa neno."

"Hata pini?"

"Hata pini."

Walipopitia picha zote upya walikuta wengine wawili: mmoja pini, mmoja shilingi mbili. Nikatumwa kuwafuata nyumbani kwao. Nilikwenda, na sikutania hata mbwa.

Bibi alivua mkanda mwenyewe, akanipa. Ulikuwa na joto la mwili. Akalala kitandani, mkono wa chuma ukapita juu yake polepole, ukaenda, ukarudi. Hasi tatu nukta mbili. Baadaye eksirei ya ubavuni. Dada Jovitha aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikaona: mfupa wa kwanza wa kiuno ulikuwa umebonyea upande wa mbele, kama kiberiti kilichokanyagwa.

"Huu umeshavunjika," akasema. "Utashikana, lakini urefu wake haurudi. Daktari atamwandikia vidonge, kimoja kwa wiki, asubuhi kabla ya uji, na maji mengi, asilale nusu saa nzima. Hakuna mzigo kichwani tena. Hata ndoo. Nyonga bado nzima, ndiyo tunayoilinda sasa."

"Umevunjika lini?"

"Picha haisemi. Unaweza kuwa wa mwaka jana. Unaweza kuwa wa Jumamosi. Muulize maumivu yalianza lini."

Nikamgeukia Bibi. Nikamuuliza kwa Kihangaza, neno kwa neno. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki chini, kama mtoto.

"Mwambie nilivunjika siku ya harusi yangu," akasema. "Babu yako alinibeba kuvuka kijito, akaniangusha. Alikuwa anatazama wasichana wengine."

Mlangoni kina mama waliokuwa wanasubiri wakaangua kicheko.

"Amesema nini?" Dada Jovitha akauliza, kalamu mkononi.

Nikatafsiri. Neno kwa neno, na kijito, na wasichana wengine. Alinitazama kidogo kisha akaandika: haijulikani.

Nilichuchumaa mbele ya Bibi ili kina mama wasisikie. "Jumamosi, tulipokitoa kikapu, ulisema ah."

"Nilisema?"

"Ulisema. Niliisikia. Nataka kujua tu kama ndiyo siku yenyewe."

Akaangalia dirisha.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Alinitazama kama alivyonitazama kwenye ile ngazi. Kisha akaninyooshea mkono ulioinama kidogo pale ulipounga vibaya, kiganja juu, akiomba mkanda wake.

"Marahaba, mume wangu," akasema. "Nifunge. Usikaze."